Huduma kwa Watoto Wanaoishi Mitaani Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya tumeyapokea kutoka kwa waumini, walimu, wafanyabiashara wa Soko Kuu, madereva wa mabasi, na mara nyingine kutoka kwa watoto wenyewe. Majibu yameandikwa na wahudumu wa makanisa kadhaa ya Mtwara mjini wanaoshirikiana katika kazi hii. Yanahusu pia Lindi, ambako mazingira hayatofautiani sana. Jambo lililokwisha kujibiwa halirudiwi; msomaji ataelekezwa kwenye swali linalohusika.

## Mambo ya msingi

Mtoto wa mtaani ni nani hasa?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Kijana wa miaka 16 mwenye sauti nzito na mabega ya kubebea magunia ni mtoto mbele ya sheria, sawa na yule wa miaka minane anayeokota chupa za plastiki.

Katika kazi yetu tunawaona watoto wa namna tatu. Wapo wanaolala nje kabisa, kwenye vibaraza vya maduka, chini ya meza za sokoni au pembeni ya stendi. Wapo wanaoshinda mjini wakibeba mizigo, wakiparua samaki au wakiuza mifuko, kisha jioni wanarudi kwa mama au kwa bibi. Na wapo wanaozunguka na mtu mzima anayeomba, hasa wanaomwongoza asiyeona. Kundi la pili halionekani kuwa na shida kubwa, na kwa sababu hiyo watu hulipuuza, ingawa mtoto aliyezoea kurudi nyumbani saa nne usiku yuko hatua chache tu kabla ya kutorudi.

Kwa nini watoto waje mjini wakati mikoa hii ina korosho?

Korosho huleta fedha kwa msimu, na fedha ya msimu huvuta watu kwa msimu. Minada inapoanza, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, Masasi, Newala, Tandahimba na Nachingwea huchangamka, na watoto hufuata vibarua vya kuokota, kubangua na kupakia. Malipo ya vyama vya msingi yakishaisha kuzunguka, wakubwa hurudi mashambani, na baadhi ya watoto hubaki mjini.

Hata hivyo, tukikaa na mtoto kwa wiki kadhaa, habari anayoisimulia mara chache huwa ni ya korosho. Huwa ni ya wazazi walioachana na mama kuolewa kwingine, baba wa kambo asiyemtaka, bibi aliyekuwa akimlea akafariki, au kipigo cha kila siku. Wapo waliokimbia viboko shuleni. Wapo pia waliodandia lori pamoja na rafiki kwa udadisi tu, wakaona aibu kurudi. Hawa wa mwisho ndio wepesi zaidi kurudishwa, iwapo watapatikana mapema.

Kwa nini kanisa lifanye kazi ya serikali?

Hatuifanyi. Mwenye mamlaka juu ya mtoto aliyekosa ulinzi ni halmashauri kupitia Afisa Ustawi wa Jamii, na hatua yoyote ya kumhamisha mtoto, kumpa mlezi au kumrudisha kwao hupita kwake. Sisi tunachoweza kutoa ni muda: kuwapo Feri, penye meza za samaki, saa tatu usiku, wiki baada ya wiki, mpaka mtoto aamini kwamba hatumwindi.

Kanisa lina historia ndefu katika kazi hii. Robert Raikes alipoanzisha shule za Jumapili mjini Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, aliwalenga watoto waliokuwa wakifanya kazi juma zima na kuranda mitaani Jumapili. Padre Yohane Bosco alianza mwaka 1841 kuwakusanya vijana waliohangaika mjini Torino, Italia, akawapa michezo, ufundi na katekisimu. Hapa kwetu Kusini, misheni ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere kwa watu waliokombolewa utumwani na kuletwa kutoka Zanzibar, watu waliokuwa wamenyang'anywa kwao. Kanisa lililozaliwa hivyo halina sababu ya kumshangaa mtoto asiye na kwao.

## Injili na dini za watoto

Watoto wengi wanatoka familia za Kiislamu. Je, mnawabadili dini?

Hapana. Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na wanaouliza wana haki ya kupata jibu lisilo na mafumbo. Chakula, matibabu, nauli ya kurudi nyumbani na sare ya shule havitolewi kwa sharti la kusali, kuimba wala kusikiliza mahubiri. Mtoto mwenye njaa atakubali sala yoyote utakayomwambia asali, na sala ya namna hiyo haimpendezi Mungu wala haimheshimu mtoto. Kumwekea mtoto imani kama bei ya sahani ya wali ni kumnunua.

Kwa hiyo dini ya familia ya mtoto huandikwa kwenye kumbukumbu zake tangu mwanzo, na huheshimiwa. Mwezi wa Ramadhani uji wa mchana huandaliwa kwa wasiofunga tu, na chakula kikuu husogezwa kwenye saa ya kufuturu. Mtoto akitaka kwenda madrasa, hakuna anayemzuia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataka mtoto anayelelewa nje ya familia yake aangaliwe kwa kuzingatia dini, utamaduni na lugha yake, nasi tunaona matakwa hayo yanakubaliana kabisa na upendo wa jirani.

Ipo pia sababu ya kiutendaji. Shehe wa mtaa na mwalimu wa madrasa ni miongoni mwa watu wa kwanza tunaowaendea tunapotafuta nyumbani kwa mtoto, kwa kuwa wanazijua familia kuliko ofisi yoyote. Ikienea habari kwamba makanisa yanaiba watoto, milango hiyo itafungwa, na atakayeumia ni mtoto. Tunafahamu kwamba jibu hili haliwapendezi wafadhili wote. Wapo wanaotuuliza idadi ya waliookoka kabla ya kuuliza idadi ya waliofika nyumbani. Ripoti yetu ina safu ya swali la pili tu.

Basi injili iko wapi katika huduma hii?

Iko mahali pake, bila kujificha. Watoto wenyewe huuliza: "Nyie mnalipwa na nani?" Tukijibu kwamba hatulipwi, swali linalofuata huwa "Sasa mnatafuta nini?", na hapo mhudumu anayo ruhusa ya kueleza anachokiamini kwa sentensi chache za kweli. Jumamosi jioni, baada ya chakula, husimuliwa hadithi ya Biblia kwa yeyote anayetaka kubaki. Asiyetaka huendelea na mpira, na mpira wenyewe hausimamishwi ili kumlazimisha.

Wapo wanaodhani huo ni uvuguvugu. Tunawaomba wasome tena Mathayo 25, ambako waliolishwa na kuvikwa hawakuulizwa kwanza dini yao, kisha wasome Mathayo 18:6, juu ya anayemkosesha mmoja wa wadogo na jiwe la kusagia.

Mtoto akiomba mwenyewe kubatizwa, mnafanyaje?

Tunamsikiliza, na tunasubiri. Hakuna mtoto anayebatizwa akiwa mtaani, wala bila ridhaa ya mzazi au mlezi halali. Akisharudi kwao, suala hilo hukabidhiwa kwa familia na usharika au parokia iliyo karibu. Wenzetu wa makanisa mengine wanaona kijana wa miaka 15 anaweza kujiamulia, na mjadala huo haujaisha baina yetu, lakini makubaliano ya kazi ya pamoja ni haya.

## Mtaani

Nikikutana na mtoto anayeomba kwenye meza za chipsi, nimpe pesa?

Usimpe pesa. Mtoto anayelala nje hana mfuko wala sanduku. Sarafu alizopata mchana huchukuliwa na wakubwa usiku, au huishia kwenye kamari na gundi. Akijulikana kuwa ana fedha anageuka kuwa windo. Kama una uwezo, mnunulie chakula na ukae naye akile, kwa sababu sahani anayoondoka nayo huweza kunyang'anywa kabla hajafika kona.

Lililo bora kuliko chakula ni kumsalimu kila unapopita, kumuuliza amelala wapi, na kumpigia Afisa Ustawi wa kata au namba 116, ambayo ni simu ya bure ya msaada kwa watoto nchini kote. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa serikali ya mtaa wake, kwa hiyo kupiga simu hiyo ni wajibu, si kujitia katika mambo ya watu.

Matembezi ya usiku yanakwendaje?

Wahudumu hutoka wawili wawili, mwanamume na mwanamke, kuanzia saa mbili usiku, wakiwa na vitambulisho na barua ambayo mtendaji wa mtaa anaitambua. Njia yetu hupita stendi ya Mkanaledi, Soko Kuu na Feri. Tunabeba chupa za uji, vikombe, dawa ya vidonda, bandeji na tochi. Hatubebi kipaza sauti. Wiki za kwanza hakuna mahubiri wala maswali. Jina la mtoto haliulizwi mpaka alitaje mwenyewe, na majina ya mwanzo huwa ya bandia hata hivyo: tumewahi kuandikishiwa takribani kikosi kizima cha Simba, na kesho yake wale wale wakawa Yanga.

Kazi hii inadai macho zaidi ya maneno. Usiku mmoja pale Feri kijana alipokea kikombe, akanywa nusu, akakifunika kwa kipande cha boksi na kukiweka chini ya meza ya samaki. Mhudumu mgeni alitaka kumhimiza amalize. Mwenzake akamzuia, wakasubiri, na baada ya muda mkono mdogo wenye magamba ya samaki mpaka kwenye kiwiko ukatoka gizani ukakivuta kikombe ndani. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba walikuwa wawili, na kwamba mpango wowote wa kumrudisha mkubwa bila mdogo usingefika popote.

Mtoto akiwa amevuta gundi au petroli, nifanye nini?

Usimnyang'anye chupa na, zaidi ya yote, usimkimbize. Kemikali zilizomo kwenye gundi ya viatu na petroli hufanya moyo upoteze mapigo yake ya kawaida, na mshtuko au mbio za ghafla zinaweza kuusimamisha. Zungumza naye taratibu, mkalishe penye hewa, na akipoteza fahamu mlaze ubavu na kumkimbiza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, au kama uko Lindi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine.

Gundi huua njaa na baridi kwa saa chache, na hiyo ndiyo sababu mtoto anaivuta. Kumhubiria juu ya dhambi akiwa katika hali hiyo ni kupoteza sauti. Wapo pia waumini wanaotaka maombi ya kufungua mapepo hapo hapo kibarazani. Tunaomba wasifanye hivyo. Maombi yetu tunayafanya, na hospitali tunakwenda.

Kwa nini hamweki picha za watoto?

Kwa sababu picha ya mtoto aliyelala kwenye boksi itamsubiri mpaka atakapokuwa mtu mzima anayeomba kazi au kuchumbia. Mtoto huyo hawezi kutoa ridhaa ya kweli, na mzazi wake hajajua hata kwamba picha imepigwa.

Tatizo hili ni la zamani. Daktari Thomas Barnardo, aliyewahudumia watoto wa mitaani wa London, alikuwa akiuza kadi za picha za watoto "kabla" na "baada" ya kupokelewa. Mwaka 1877 alifikishwa mbele ya waamuzi, na mojawapo ya lawama ilikuwa kwamba baadhi ya picha zilipangwa ili mtoto aonekane amechakaa kuliko alivyokuwa. Mtu mwenye moyo mwema aliingia katika mtego huo kwa sababu picha za namna ile ziliingiza michango. Simu za leo zimeurahisisha mtego, hazijaubadilisha. Mhudumu anayepiga picha ya mtoto kazini huondolewa kwenye zamu.

## Kurudi nyumbani

Kwa nini hamjengi kituo cha kulelea watoto?

Tunaulizwa hili na watu wenye nia njema, na baadhi wameshatoa ahadi ya saruji. Makao ya watoto kwa mujibu wa sheria huhitaji leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, watumishi wenye sifa, na fedha za kuendesha mwaka hata mwaka. Jengo ndilo sehemu rahisi. Lakini sababu yetu kubwa si gharama. Mahali penye makao, familia maskini huanza kuleta watoto ili wale na wasome, na mtoto mwenye mama anageuzwa kuwa yatima wa kwenye karatasi.

Mtoto anayehitaji pa kulala usiku wa leo hupelekwa, kwa idhini ya Afisa Ustawi, kwenye familia iliyothibitishwa kumpokea kwa muda. Familia hizo ni chache, na tungefurahi kupata nyingine, Wakristo kwa Waislamu. Asiyeweza kabisa kurudi kwao huingia katika utaratibu wa malezi ya kambo unaosimamiwa na ustawi wa jamii.

Mnaitafutaje familia ya mtoto, na mnamkabidhi nani?

Tunaanza na anachokumbuka: jina la shule, la mwalimu mkali, mto aliokuwa akivuka, siku ya gulio. Mtoto asiyejua wilaya yake huweza kueleza kwamba basi lilipanda mlima mrefu kabla ya kufika kwao, na mtu wa Newala akisikia hivyo anaelewa. Kisha huja simu kwa mtendaji wa kijiji, mwalimu mkuu, mchungaji, katekista au shehe.

Mgeni katika mikoa hii hukosea hapa kwa kumtafuta baba peke yake. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo kwa asili hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Mambo yamebadilika, na baba wengi wanalea wenyewe, lakini bado tumeona mtoto akikabidhiwa kwa baba mbele ya ofisi, saini zikawekwa, na mwezi haukuisha akawa amerudi mjini kwa sababu mjomba hakushirikishwa na hakujiona ana wajibu. Tukimpata mjomba, kikao huwa kirefu na chenye maneno makali, pengine mpaka alasiri. Likitoka neno lake kwamba mtoto atalala kwa bibi na ada ya fundi ataitoa yeye, huwa limetoka.

Safari ya kwanza huwa ya kuitembelea familia bila mtoto. Ya pili huwa pamoja naye, Afisa Ustawi au mwakilishi wake akiwapo, na makabidhiano huandikwa. Hatumwachi mtoto stendi akiwa na nauli mkononi, hata kama kijiji ni cha jirani.

Jando na unyago vinaingiaje katika kazi hii?

Vinaingia kwa njia mbili. Mvulana aliyetoka jandoni huambiwa kwamba sasa amekuwa mtu mzima, na wapo wanaolichukua neno hilo kama ruhusa ya kuondoka nyumbani wakiwa na miaka tisa au kumi. Kwa upande mwingine, yupo mtoto aliyekimbia kabla ya kuchezwa, anayeogopa kuchekwa na rika lake akirudi. Kwa huyo, familia ikiahidi kumtengenezea shughuli yake likizo ijayo, hofu hupungua nusu.

Hatuhubiri dhidi ya jando. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Kianglikana ya Masasi iliyoanzishwa mwaka 1926, anakumbukwa kwa kuliingiza jando ndani ya maisha ya Kanisa badala ya kulipiga marufuku. Tunachosisitiza ni usafi wa vifaa vya kutahiri, umri na ratiba ya shule. Kwa wasichana tunazungumza na makungwi juu ya yale yasiyomfaa mtoto, na mazungumzo hayo hufanywa na mama zetu.

Mtoto akikimbia tena baada ya kurudishwa?

Wengi hujaribu kukimbia angalau mara moja, na mtoto hapotezi nafasi yake kwa hilo. Mhudumu humtembelea ndani ya wiki mbili za kwanza, kisha kila mwezi kwa muda unaokubaliwa na Afisa Ustawi. Akikimbia, tunauliza kwanza kilichomkimbiza. Ikiwa ni kipigo au jambo baya zaidi, harudishwi pale.

Je, shule inawapokea?

Inapaswa kuwapokea. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada katika elimu ya msingi na ya sekondari mpaka kidato cha nne, na tangu mwishoni mwa 2021 wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi. Kikwazo cha kweli ni sare, daftari, na aibu ya kukaa na wadogo. Aliyepitwa sana na umri huombewa nafasi katika madarasa ya MEMKWA (mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa) yanapokuwapo.

## Kujitolea na kuchangia

Ninawezaje kujitolea?

Lete barua ya kiongozi wako wa dini na ya mtendaji wa mtaa unaoishi, pamoja na majina ya watu wawili wanaokufahamu ambao si ndugu. Utasaini kanuni za ulinzi wa mtoto, kisha utatembea na wazoefu kwa miezi mitatu bila kukaa peke yako na mtoto yeyote. Kanuni hiyo haimwachi mtu, awe mchungaji, padre, mtawa au mzee wa kanisa. Anayechukizwa nayo anatuokolea kazi ya kumchunguza.

Nina mitumba na vitabu. Mnavipokea?

Nguo za watoto, ndiyo, zikiwa zimefuliwa. Kinachohitajika zaidi ni nauli, dawa na chakula cha wiki, na mchango wa fedha hutolewa risiti. Vitabu vya dini tunavyo vya kutosha.

Kikundi chetu kutoka nje ya nchi kinakuja kwa wiki mbili. Tunaweza kucheza na watoto?

Tungependa mfanye kazi nyingine: kupaka rangi chumba cha zahanati, kufundisha wahudumu huduma ya kwanza, au kuchangia nauli. Mtoto aliyekwisha kuachwa na wengi hapaswi kuzoeshwa kwa mtu atakayeondoka kabla ya mwezi kuandama.

## Hali ngumu

Mtoto akisema amefanyiwa ukatili wa kingono?

Mwamini, usimhoji zaidi, na usimwoshe wala kumbadilisha nguo. Mpeleke hospitali mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Taarifa hupelekwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambako pia hupatikana PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, na kwa Afisa Ustawi. Usikubali suluhu ya kifamilia, hata ikiletwa na mtu wa heshima kanisani, na hata kama mtuhumiwa ni wa kwetu. Ikiwa ni wa kwetu, mapatano ya ndani yatamlinda yeye na kumwacha mtoto.

Watoto wakikamatwa katika msako?

Mhudumu mmoja huenda kituoni kwa utulivu, humjulisha Afisa Ustawi, na huulizia umri ulioandikwa. Mtoto hapaswi kuwekwa mahabusu pamoja na watu wazima, na kesi yake husikilizwa katika Mahakama ya Watoto. Hatulipi fedha zisizo na risiti.

Mbona wasichana hawaonekani mtaani?

Wapo, ila wamefichwa. Msichana anayetoroka nyumbani huchukuliwa haraka kufanya kazi za ndani, kuosha vyombo kwa mama lishe au kuhudumu baa, na wengine hutumiwa vibaya humo humo. Kwa sababu hiyo kina mama wetu huzungumza na wauza chakula na walinzi wa nyumba za wageni, ambao huona mengi. Msichana huhudumiwa na wanawake peke yao.

Mtoto akiwa ametoka Msumbiji?

Hutokea, kwa kuwa mto Ruvuma unawatenganisha ndugu wa lugha moja, na machafuko ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, yaliyoanza mwaka 2017 yamewahamisha wengi. Tunampa mhudumu anayejua Kimakonde, tunamjulisha Afisa Ustawi siku hiyo hiyo, na hatumvushi mto sisi wenyewe wala kumkabidhi kwa anayejiita mjomba bila uthibitisho. Mambo ya uhamiaji na hifadhi yana ofisi zake, na mtoto hapaswi kutendewa kama mhalifu kwa kuvuka akikimbia risasi.

Akitimiza miaka 18 akiwa bado mtaani?

Sheria ya Mtoto haimhusu tena, lakini yeye ni yule yule wa jana. Kwa kawaida kikwazo cha kwanza ni cheti cha kuzaliwa, ambacho bila hicho kitambulisho cha taifa husumbua. Kadi ya kliniki, cheti cha shule au cheti cha ubatizo vinaweza kusaidia maombi RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi, na aliyefika kwa familia yake huvipata kirahisi zaidi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina vyuo Mtwara na Lindi kwa anayeweza masomo. Wengi huchagua fundi wa mtaani: gereji, uchomeleaji, ushonaji. Makubaliano na fundi huandikwa mbele ya mtendaji wa mtaa, yakitaja muda wa mafunzo, nani anatoa chakula cha mchana, na vifaa vitabaki kwa nani kijana akihitimu. Kipengele hicho cha vifaa kisiachwe, kwa sababu ndicho kinachozua ugomvi.